Mfumo Mpya, Foleni Ndefu Zaidi



Tarehe 11 Agosti 2020, benki ya Citibank ya Marekani ilikuwa na kazi ya kawaida kabisa: kuwagawia wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon riba yao, jumla yake kama dola milioni 7.8. Kesho yake watu walipokaa kupiga hesabu, wakakuta zimetoka karibu dola milioni 900. Hakuna mwizi aliyeingia. Hakuna nywila iliyoibwa. Pesa zilitoka kwa mkono wa benki yenyewe, kwa idhini ya watu watatu, wote wenye akili zao timamu.

Ilikuwaje? Benki ilikuwa wakala wa mkopo ule: inapokea kutoka kwa Revlon, inawagawia waliokopesha. Programu iliyotumika ni Flexcube, ya kampuni ya Oracle. Siku ile malipo yalitakiwa kufanywa kwa namna ambayo programu haikuwa na njia ya moja kwa moja ya kuifanya, kwa hiyo wakapita njia ya kuzunguka: unaiambia programu kwamba mkopo wote unalipwa, halafu ile sehemu kubwa, yaani deni lenyewe, unaielekeza kwenye akaunti ya ndani ili isitoke nje ya benki. Kuielekeza huko kulitaka kujaza visanduku vitatu kwenye skrini. Kimoja kimeandikwa Principal, kingine Front, cha tatu Fund. Waliohusika wakajaza cha kwanza tu. Nani wa kuwalaumu? Principal ndilo deni lenyewe. Hayo mengine mawili hayamwelezi mtu chochote. Aliyeingiza alijaza kimoja, aliyekagua akaona kimoja akaridhika, aliyeidhinisha naye vivyo hivyo. Programu iliuliza, tena kwa adabu: fedha zitatoka nje ya benki, unataka kuendelea? Haikusema ngapi. Na kwa kuwa riba kweli ilipaswa kutoka nje, jibu sahihi lilikuwa ndiyo.

Baadhi ya wakopeshaji wakarudisha. Wengine, walioshika karibu dola milioni 500, wakagoma, na Februari 2021 jaji Jesse Furman wa New York akaamua kwamba wana haki ya kubaki nazo. Mahakama ya rufaa ilikuja kutengua uamuzi huo Septemba 2022.

Nimeanza huko mbali kwa sababu hapa kwetu mwenye biashara akiambiwa programu yake inahitaji skrini mpya, ya kufunguka kwenye kivinjari, anadhani ni habari ya mapambo. Rangi, nembo, picha ya mwanamke anayetabasamu. Na mafundi wengi wanaoitwa kuifanya kazi hiyo nao wanadhani hivyohivyo. Mimi nasema skrini ndiyo kazi yenyewe. Aliyeketi mbele yake haijui hifadhidata, haijui seva. Anachokijua ni kile anachokiona na kile vidole vyake vinachokibonyeza.

Pita maduka ya jumla, ya dawa au ya vipuri, pale Kariakoo. Bado utakuta nyuma ya kaunta kompyuta yenye skrini ya buluu au nyeusi, maandishi meupe, hakuna picha hata moja. Programu za namna hiyo nyingi ziliandikwa miaka ya tisini kwa lugha za Clipper au FoxPro, na aliyeziandika alikwishahamia shughuli nyingine zamani. Mtazame karani anavyoiendesha. Macho yako kwa mteja, mkono uko kwenye kibodi. Herufi tatu za mwanzo za jina la dawa, Enter, idadi, Enter. Dawa nyingine, herufi tatu, Enter, idadi, Enter. F10. Printa ya utepe inaanza kukwaruza karatasi zenye matundu pembeni, na mteja wa pili tayari anataja mahitaji yake. Karani hasomi skrini. Anaitupia jicho tu, kuhakikisha.

Sasa mletee huyo karani ukurasa wa kivinjari. Una nembo ya duka na vitufe vyenye pembe za mviringo. Ili achague dawa lazima aache kibodi, ashike mausi, afungue orodha, ateremke toka A mpaka P, abofye. Ukurasa unazunguka. Unarudi. Abofye tena kuongeza mstari wa pili. Unazunguka. Bosi alipooneshwa ofisini, dawa moja, kiyoyozi kikivuma, aliyaona ni maendeleo. Karani mwenye foleni ya Jumamosi asubuhi anaona ni adhabu. Nimeliona duka ambalo, muda mfupi baada ya mfumo mpya kuwashwa, mauzo yaliandikwa kwenye daftari la kaunta mchana kutwa na kuingizwa kwenye kompyuta jioni. Mwenye duka akanieleza kwamba wafanyakazi hawapendi mabadiliko. Hapana, bwana. Wafanyakazi hawapendi kutukanwa na wateja.

Kuna kisa kingine kidogo, cha kitufe cha F5. Programu nyingi za zamani zilivipa vitufe vya F kazi zake: hiki cha kutafuta, hiki cha kuhifadhi, hiki cha kuchapa. Tuseme kwenye programu yako F5 ilikuwa kuhifadhi. Kwenye kivinjari F5 hupakia ukurasa upya. Karani aliyekibonyeza kitufe hicho kwa miaka kumi anajaza ankara ya mistari arobaini, anamaliza, mkono wenyewe unakwenda F5. Mistari yote arobaini imekwenda. Fundi aliyeketi nyuma yake hata saa moja tu kabla ya kuandika chochote angeliona hilo, akakizuia kitufe au akakipa kazi yake ya zamani.

Ajabu ni kwamba kivinjari na skrini ya zamani si maadui. Mwaka 1971 IBM ilitoa vituo vya kazi vya 3270, vile vilivyokuja kujulikana kwa maandishi yake ya kijani. Skrini iliyozoeleka ilikuwa na mistari 24, kila mstari nafasi 80, na hizo 80 zilirithiwa kutoka kadi ya kutobolewa ya IBM ya mwaka 1928. Kompyuta kubwa ilikuwa moja na watumiaji walikuwa mamia, kwa hiyo isingewezekana kila herufi inayobonyezwa iisumbue. Ukawekwa utaratibu: mtu anapewa fomu kwenye skrini, anajaza nafasi zake taratibu, na akibonyeza Enter ndipo yote aliyoyajaza yanasafiri kwa mpigo mmoja. Sasa ifikirie fomu yoyote uliyowahi kuijaza kwenye tovuti ya serikali. Unajaza, unajaza, mwisho unabofya Wasilisha. Ni utaratibu uleule, umepita miaka ishirini na kitu ukarudi na nguo mpya.

Ndiyo maana wavuti ilipoenea, wenye kompyuta kubwa waliona njia ya mkato. Unaweka programu katikati, inasoma kile kinachotumwa kwenda skrini ya kijani, inakigeuza kuwa ukurasa wa kivinjari. IBM yenyewe iliuza chombo cha kazi hiyo. Mimi kazi hiyo naiita kuchuna skrini. Uzuri wake ni kwamba programu ya nyuma haiguswi hata mstari mmoja, na kwa benki yenye mamilioni ya mistari ya COBOL, lugha iliyoanza mwaka 1959 na bado inahesabu pesa za watu hadi leo, hilo si jambo dogo. Ubaya wake ni kwamba kichunaji hakielewi kinachokisoma. Kinajua tu kwamba jina la mteja liko mstari wa 6, kuanzia nafasi ya 20. Siku fundi wa nyuma akisogeza kitu nafasi mbili kulia, ukurasa unaanza kuonesha majina yaliyokatwa vichwa, na kila mtu anaapa kwamba hajagusa kitu. Halafu unarithi na safari yote ya zamani: kama ilibidi kupita skrini tano kufika kwenye salio, sasa utapita kurasa tano, nzuri, polepole.

Hali yetu sisi wenye programu ndogo inaweza kuwa ngumu kuliko ya hiyo benki. Ile mifumo mikubwa, ikiwa iliandikwa na watu makini, ilitenganisha hesabu na skrini. Programu zilizoandikwa kwa Visual Basic 6, iliyotoka mwaka 1998, au kwa FoxPro, mara nyingi zimevichanganya vyote. Mteja mwenye deni la zaidi ya siku 30 asiuziwe kwa mkopo: kanuni hiyo haimo kwenye hifadhidata, haimo kwenye karatasi yoyote ofisini, imo kwenye mistari saba iliyofichwa nyuma ya kitufe cha kuhifadhi. Punguzo la hospitali za misheni limo ndani ya kisanduku cha bei. Fundi kijana anakuja, anaifungua hifadhidata, anaona majedwali ya wateja, bidhaa na ankara, anajenga juu yake ukurasa unaopendeza. Siku ya kwanza ya kazi mdaiwa sugu anaondoka na katoni ishirini, kwa mkopo, akitabasamu. Hakuna aliyemwambia fundi kwamba kile kitufe kilikuwa bawabu.

Kwa hiyo kabla ya kuchora ukurasa, mtu inabidi apite kitufe kwa kitufe kwenye programu ya zamani na kuandika kila kinachokataliwa na kila kinachoruhusiwa. Ni kazi ya kuchosha, haina picha ya kumwonesha bosi, na ndiyo inayorukwa. Kanuni zikishapatikana, zikae kwenye seva. Kivinjari kiruhusiwe kumwonya karani mapema kwamba amesahau tarehe, ni msaada mzuri, lakini neno la mwisho liwe la seva, maana kilichomo ndani ya kivinjari kinaweza kubadilishwa na yeyote aliyeketi mbele yake mwenye ujuzi kidogo na nia mbaya kidogo.

Utauliza, kama mambo ni mazito hivi, kwa nini tusibaki na skrini yetu ya buluu? Kwa sababu nayo ina gharama, na wanaoilipa ni wengine. Duka lenye matawi Mwanza na Mbeya, programu ikiwa imewekwa kwenye kila kompyuta, kila badiliko dogo ni safari ya mtu mwenye flashi mfukoni. Tawi moja lina toleo la mwaka jana, jingine la mwaka juzi, bei hazifanani, na ripoti ya mwezi inaunganishwa kwa simu na Excel. Kompyuta mpya zinakataa programu ya zamani. Microsoft iliacha kukihudumia chombo cha kuandikia Visual Basic 6 mwaka 2008, na FoxPro ikafuata mwaka 2015. Programu ikifunguka kwenye kivinjari, unarekebisha mahali pamoja, kesho yake asubuhi matawi yote yanafanya kazi na kitu kilekile. Hiyo ndiyo faida halisi ya wavuti, na haihusiani kabisa na urembo. Urembo watu wetu hawaudai kiasi hicho: kila siku wanahamisha pesa kwa kubonyeza nyota 150 nyota 00 reli kwenye simu, menyu ya maandishi matupu, na sijasikia mtu aliyekataa kupokea pesa kwa sababu hapakuwa na picha.

Na ile kasi ya karani haina haja ya kupotea. Gmail ilipotoka Aprili 2004 iliwaonesha watu wengi kwamba ukurasa unaweza kuzungumza na seva bila kujifungua upya. Tangu hapo hakuna kisingizio. Kisanduku kinachotafuta dawa kwa herufi tatu kinawezekana. Enter inayoruka kutoka nafasi moja kwenda nyingine inawezekana. Ankara nzima bila kugusa mausi inawezekana. Fundi asipoviweka ni kwa sababu hakuna aliyemwambia, au aliambiwa na mtu ambaye hajawahi kusimama kaunta. Ukitaka kipimo, chukua saa na ankara ya dawa kumi. Karani aiingize kwenye programu ya zamani, halafu kwenye mpya. Kama mpya imechukua muda zaidi, mkatalie muuzaji malipo ya mwisho mpaka arekebishe.

Namna ya kuhama nayo ina habari zake. Mwaka 2004 mtaalamu wa programu Martin Fowler alieleza njia ambayo wengi wameifuata. Alikuwa ameona kwenye misitu ya Queensland, Australia, miti ya jamii ya mkuyu inayoota juu ya matawi ya miti mingine, ikateremsha mizizi taratibu hadi ardhini, mpaka mti wa ndani unakufa na ule wa nje umesimama kwa miguu yake. Programu nayo ihamishwe hivyo. Anza na kitu kisichoweza kuua biashara: ripoti ya mauzo ya siku, ambayo bosi anaweza kuifungua kwenye simu akiwa nyumbani. Inasoma tu, haiandiki. Ikitulia, hamisha bei na orodha ya bidhaa. Ankara zije mwisho, zikiwa zimezungukwa na vitu ambavyo tayari vimezoeleka.

Kinyume chake tuliona Uingereza. Aprili 2018 benki ya TSB iliwahamisha wateja wake wote kwa wikendi moja, kutoka mfumo iliokuwa ikiutumia wa benki ya Lloyds kwenda mfumo mpya. Wateja kama milioni 1.9 wakajikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao. Mkurugenzi mkuu aliondoka mwaka huohuo, na Desemba 2022 wasimamizi wa fedha wakaitoza benki faini ya pauni milioni 48.65.

Kuna mambo mawili ambayo wauzaji wa mifumo hawapendi kuyataja, nami nitayataja kwa kuwa hawanilipi.

La kwanza, wavuti nayo inazeeka, tena haraka kuliko COBOL. Kampuni zilizojenga kurasa zao kwa ajili ya Internet Explorer peke yake zilikuta mlango umefungwa Microsoft ilipokistaafisha kivinjari hicho Juni 2022. Teknolojia ya Flash ilisitishwa mwishoni mwa Desemba 2020, na mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, ilikuwa bado na fomu za kodi zilizojengwa kwa Flash. Januari 2021 ikabidi itoe kivinjari chake yenyewe, walipakodi wakipakue, ili tu fomu hizo ziendelee kufunguka. Kivinjari kizima, kwa ajili ya fomu! Kwa hiyo muulize muuzaji wako ametumia nini, na kama ni kitu kinachomtegemea mmiliki mmoja. Kurasa zilizojengwa kwa HTML ya kawaida tangu miaka ya tisini, vivinjari vya leo bado vinazifungua.

La pili ni intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, unakumbuka hali ilivyokuwa nchini na kwa majirani. Duka lenye seva yake Ulaya siku hiyo liliuza kwa daftari. Lakini programu kufunguka kwenye kivinjari hakulazimu seva iwe Ulaya, wala hakulazimu intaneti. Seva inaweza kuwa kompyuta iliyowekwa chini ya kaunta, na karani akaifungua kwa waya au Wi-Fi ya humohumo dukani, bila bando hata senti moja. Matawi yatatumiana taarifa mtandao ukirudi. Muuzaji akikwambia haiwezekani, ujue anachouza hasa ni kodi ya mwezi ya seva yake.

Wakati wa kuhama, programu mbili zitaendeshwa pamoja kwa muda, ya zamani na mpya, na kila jioni jumla zao zitalinganishwa. Hapo jiandae, msikilizaji, maana jumla hazitalingana, na tofauti itakuwa ya shilingi moja moja. Chukua bidhaa tatu, kila moja mstari wake, bei shilingi 1,253 kabla ya VAT. Asilimia 18 yake ni shilingi 225 na senti 54. Programu inayokadiria kila mstari inaandika 226, mara tatu, jumla 678. Inayojumlisha kwanza inapata 3,759, kodi yake 676 na senti 62, inaandika 677. Zote mbili zina hesabu sahihi, na ukiwa na ankara mia tatu kwa siku mhasibu wako halali. Ipi ilikuwa njia ya programu ya zamani, na kwa nini, hakuna aliyeandika. Yuko mtu mmoja tu anayejua, na ndiyo maana namba ya simu ya yule aliyeiandika mwaka 1996 itafutwe leo, kabla mkataba na fundi mpya haujasainiwa.